Kamba wa nazi wenye pilipili: anakaangwa kwanza au anaingia mbichi kwenye tui?

MwanaIpagala

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni Mgogo wa hapa hapa Dodoma, nimekulia ugali wa uwele na mlenda. Mke wangu ni mtu wa Pwani. Jumamosi mama mkwe anafika, na ameongozana na shangazi yake mke wangu, ambaye nimeambiwa hana kawaida ya kusifia chakula cha mtu. Siku hiyo mke yuko zamu mpaka mchana, kwa hiyo jikoni ni mimi. Nilitamka kwamba nitapika kamba wa nazi wenye pilipili, na neno limeshafika Pwani, halirudi tena.

Nilivyonavyo: kamba kilo moja na nusu wa kugandishwa, hawana vichwa lakini wana magamba, wakubwa kiasi. Nazi nitanunua Soko la Majengo. Pilipili mbuzi zipo, ukwaju upo, ndimu zipo. Jiko la gesi la mafiga mawili. Mbuzi ya kukunia nazi ipo, mke alikuja nayo kutoka kwao na hairuhusiwi kuguswa na watoto.

Sasa kila ninayemuuliza ana dini yake. Jirani anasema kamba lazima azamishwe kwenye mafuta mpaka awe mwekundu na mkavu, ndipo uanze mchuzi. Kijana wa ofisini kwetu, mtu wa Mtwara, anasema hapana, anaingia mbichi kwenye tui, vinachemka pamoja nusu saa ili viungo vimwingie. Nani nimfuate?

La pili, tui kukatika. Nalizuiaje, hasa ukizingatia kuna ukwaju?

La tatu, pilipili. Nataka mchuzi uwashe, lakini wazee nao wale. Na uwe mzito wa kumwagia wali, isiwe supu.

Feri_Alfajiri

Mkuu, mimi nauza samaki, kupika namwachia mama watoto, lakini la kamba wa kugandishwa niachie.

Usimtoe kwenye friza asubuhi ukamwacha mezani mpaka saa nane, utapika uji. Usiku wa kuamkia siku hiyo mhamishie chini kwenye friji. Ukisahau, mfunge kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji, mfuko utumbukize kwenye beseni la maji baridi, ubadilishe maji yakizidi ubaridi. Nusu saa mpaka saa moja anaachia. Maji ya moto marufuku.

Halafu ujue kilo yako na nusu sio kilo na nusu. Kamba wa kiwandani anavishwa koti la barafu ili asikauke, na wapo wanaolowekwa dawa ya fosfeti wasipoteze maji. Barafu ikiyeyuka na magamba yakitoka, usishangae ukibaki na kilo moja au chini yake. Wageni wakiwa wengi ongeza kitu kingine mezani.

Mgongoni ana mshipa mweusi, ule ni utumbo. Pasua kidogo kwa ncha ya kisu, uvute kwa kijiti cha meno. Kwa wadogo huwa siangaiki, kwa wakubwa toa, una mchanga na mchuzi wako utasaga meno ya shangazi.

Ukifungua mfuko ukapigwa na harufu kali ya kuchoma pua, ile ya mkojo, usitafute ndimu ya kuifunika. Tupa.

MwalimuKilosa

Kabla ya yote, umeuliza kama wageni wanakula kamba? Sitanii. Kama kuna Msabato hapo, kamba hagusi, maana hana mapezi wala magamba ya samaki. Na wapo ambao mwili unamkataa kabisa, midomo inavimba, kifua kinabana. Piga simu leo.

MwanaIpagala

Mwalimu, asante. Wote wanakula, shangazi ndiye bingwa wao. Ndiyo maana silali.

MamaDunda

Mwanangu, marahaba, hata kama shikamoo hujaitoa.

Mie niko Bagamoyo, nimelea watoto kwa chakula cha kuuza, na kamba wa nazi ndio waliosomesha wawili wa mwisho. Nikusomee nilivyoelewa: jirani yako na huyo kijana wa Mtwara wote wanamwua kamba mara ya pili. Nusu saa ni ya pweza. Pweza ana ugumu wa kulainishwa, unamchemsha mpaka akubali. Kamba hana cha kulainisha. Analainika akiwa ndiyo kwanza ameiva, na kila dakika unayomwongezea hapo anakaza, mpaka unatafuna mpira wa kandambili. Na hayo maneno ya viungo kumwingia, viungo haviingii kwa kuchemka, vinakaa kwenye mchuzi, na mchuzi ndio unaomfunika. Kwa hiyo mchuzi upikwe mpaka uive wenyewe, kamba akija awe mgeni wa mwisho.

Sisi huku tunawapata kwa wingi masika, Ruvu inaposhusha maji ya tope baharini. Wanakuja na vichwa, na utamu wote uko pale kichwani, yale mafuta yenye rangi ya chungwa. Tunavikamulia kwenye mchuzi na hatuhitaji ujanja. Wako wamekatwa vichwa, basi lazima uutafute ule utamu kwingine, na kwingine ni kwenye magamba. Usiyatupe.

Menya, mkia uache. Magamba yaoshe, yachuje maji. Sufuria, mafuta vijiko viwili, moto mkali, tia magamba uyakaange huku unayaponda kwa mwiko. Yatabadilika rangi mara moja na nyumba nzima itanukia bahari. Hapo mimina maji vikombe vitatu, punguza moto, robo saa, chuja. Hayo maji yawe ya rangi ya kutu hafifu. Ndiyo mchuzi wako hayo, mengine yote ni kupamba. Ukibahatika kuona uduvi mkavu sokoni, kaanga kavu kijiko kimoja kwenye kikaango, utwange, uchanganye humo. Wasikuambie uduvi ni wa maskini.

Nazi. Kwa kamba wako hao chukua tatu. Itikise, usikie maji. Nusa kwenye yale macho matatu, ikinuka uchachu rudisha. Ukikuna usifike kwenye ganda jeusi, tui litakuwa na rangi ya vumbi. Tia maji ya vuguvugu kikombe kimoja tu, kamua kwa mkono kwa nguvu zako zote, chuja: hilo tui la kwanza, liweke mbali, usiliguse. Rudisha machicha, vikombe viwili vingine vya maji ya vuguvugu, kamua tena: hilo la pili. Watu wanaochanganya yote pamoja ndio hao hao wanaolia tui limekatika.

Sasa mchuzi. Vitunguu maji viwili vikubwa, vikate vyembamba, vikaange taratibu mpaka vianze kuwa na rangi ya asali, visiungue. Twanga kitunguu saumu punje sita, tangawizi ya kidole gumba, na pilipili mbuzi moja iliyotolewa mbegu na ile ngozi nyeupe ya ndani. Tia, koroga. Manjano nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba ya kusaga nusu kijiko. Viungo vipige mafuta kwa muda wa kuhesabu thelathini, usiviache vikaungua vikawa vichungu. Nyanya nne, uzikune, maganda yabaki mkononi. Hapo ndipo watu wanapokosa subira. Nyanya ipike mpaka maji yote yaishe na uone mafuta yamejitenga pembeni. Nyanya mbichi ndani ya tui ni uchachu mtupu.

Mimina maji ya magamba na tui la pili. Chumvi. Ukwaju uloweke, uchuje, utie hapa, vijiko viwili vya chakula halafu onja. Acha uchemke bila kifuniko mpaka upungue kama nusu, mwiko ukipita chini ya sufuria uache njia. Huu uchemke utakavyo, tui la pili halina makuu.

Kamba wapanguse kwa kitambaa wakauke kabisa, chumvi kidogo, manjano kidogo, ndimu matone, na ndimu itiwe dakika za mwisho. Ukiwalaza kwenye ndimu saa nzima nyama inaanza kukakamaa kabla haijaona moto. Hawa wako ni wa barafu, wana maji ndani, ukiwatumbukiza hivi hivi watakutemea mchuzini na ule uzito wote ulioutafuta utaondoka. Hapo ndipo jirani yako ana nusu ya haki. Kikaango kikavu chenye moto, mafuta kijiko, watie wachache wachache, nusu dakika upande huu, nusu dakika ule, watoe wakiwa wabichi katikati. Unawatoa maji, huwapiki. Kamba mbichi wa leo leo kutoka baharini sikaangi, naye anaingia moja kwa moja.

Mwisho moto punguza kabisa. Tui la kwanza limimine, chukua upawa, uchote na kumimina, uchote na kumimina, mfululizo, usiache likasimama. Likianza kutokota kidogo pembeni tu, tia kamba. Na hapa tia pilipili mbuzi mbili nzima na vikonyo vyake, zielee juu. Hizo zinatoa harufu, ukali zinaubana. Angalia zisipasuke. Dakika tatu, nne wakiwa wakubwa. Kamba akijikunja kama ndoano ameiva, mkia ukigusa shingo umechelewa. Zima, toa sufuria kwenye jiko, maana moto wa sufuria unaendelea kupika.

Anayetaka kuwashwa apasue pilipili kwenye sahani yake. Wazee hawatasumbuka.

RuwiZnz

Bi MamaDunda, mikono yako isipate baridi. Niko Muscat, nimeusoma huu uzi njaa ikanishika kazini.

Niongeze sababu ya tui kukatika, maana nimewahi kumsikia mtu anasema ni jicho la mpikaji. Tui ni vitone vya mafuta ndani ya maji, na kinachovishikilia visiungane ni protini za nazi yenyewe. Moto ukipanda karibu na kuchemka, hizo protini zinaganda kama za yai, mafuta yanabaki bila mshikaji, yanapanda juu. Kuchachuka kwa ukwaju au ndimu kunaharakisha hilo jambo. Kwa hiyo bibi anapokwambia ukwaju uingie na tui la pili, na la kwanza lisichemke, ana sababu kamili. Na kukatika sio sumu. Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani yanapatikana kwa njia hiyo hiyo, watu wanalichemsha makusudi mpaka likatike. Ni sura tu inaharibika, mchuzi unaonekana una chenga.

Huku nazi mbichi nzuri ni bahati, tunatumia ya kopo. Ya kopo nyingi zimetiwa vitu vya kuishikilia, utaichemsha na isikatike, ila utamu wake umelala. Mimi naongeza kijiko cha nazi ya unga mwishoni. Na badala ya ukwaju nimezoea limau kavu la Waomani, natoboa matundu mawili, linaelea mchuzini tangu mwanzo, nalitoa kabla ya kupakua. Likikaa sana linatia uchungu.

MwanaIpagala

Bibi, shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Nina maswali mawili. Wageni wanakuja kwa basi, na basi halina saa. Nikipika saa saba wakafika saa kumi je? Na la pili, je naweza kutumia blenda kwa nazi? Kilo yote ya nazi kwa ile mbuzi, na mimi nina urefu huu, mgongo utakatika kabla ya tui.

MamaDunda

Marahaba baba. Blenda ruhusa. Nazi ikate vipande, toa ngozi nyeusi kwa kisu, saga na yale maji ya vuguvugu, lakini usiiache izunguke mpaka blenda ipate moto. Chuja kwa kitambaa cheupe kisafi, chujio la chai halifai, litapitisha machicha na mchuzi utakuwa na mchangamchanga. Shangazi atajua.

La basi ndilo zuri, kwa sababu upishi huu umekatika sehemu mbili wenyewe. Mchuzi wa tui la pili upike asubuhi, ukipoa ufunike uuweke kwenye friji, wageni wakifika uuchemshe tena kwanza. Kamba wapitishe kikaangoni dakika ile ile utakayowapika, wasikae nusu wabichi mezani na joto la kwenu. Wakiwa wamemenywa wakae kwenye friji, na tui la kwanza likae humo humo. Litaganda juu kwa ubaridi, usiogope, ukilitia kwenye mchuzi wa moto linayeyuka. Wageni wakishavua viatu, wakapewa maji, salamu za Pwani unazijua urefu wake, wewe washa moto. Wakifika kwenye habari za shamba, uko tayari.

Wali upike mweupe. Najua utataka kuonyesha ufundi uweke na wali wa nazi, usiweke. Nazi juu ya nazi, mzee anakula vijiko vitatu anashiba na wewe unaona umekataliwa. Pembeni kachumbari yenye ndimu ya kutosha, na kama kuna embe bichi, likate vipande vyembamba, chumvi na pilipili ya unga.

Feri_Alfajiri

Bibi, kuna wateja wangu wanatia magadi kidogo kwenye kamba wakisema anakuwa mkakamavu wa hotelini. Ni kweli au ni maneno?

MamaDunda

Kweli. Magadi soda ya kuokea robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, na chumvi, dakika kumi na tano kwenye friji, unasuuza, unakausha. Anakuwa na mruko mdomoni. Wachina wanafanya sana hivyo. Mie siupendi, kamba wote wanakuwa na ladha moja, huyu wa Ruvu na yule wa barafu. Ila kwa kamba aliyelegea wa kwenye mfuko, mwana wa Ipagala ajaribu kama anataka. Asizidishe, atapika sabuni.

RuwiZnz

Na masalio, bibi? Yakibaki?

MamaDunda

Yasibaki. Yakibaki, watoe kamba kwenye mchuzi mkila tu, weka kwenye friji vyombo mbalimbali, kesho yake pasha mchuzi peke yake mpaka uwe wa moto sana, ndipo urudishe kamba na mwiko wako uko mkononi, wapate moto na wao basi. Siku ya tatu mpe jibu moja tu, jalala. Na huo mchuzi wa kesho yake, kata bilinganya au bamia chache umalizie nao, mie binafsi naupenda huo kuliko wa siku ya kwanza, sema siuzi.

MwalimuKilosa

MwanaIpagala, usisahau kumpigia mke umuulize chumvi mama yake anakula kiasi gani. Wengi wa umri huo wana presha.

MwanaIpagala

Nimempigia. Chumvi kidogo, pilipili ya kutosha, na ameniambia shangazi anapenda kamba mwenye kichwa. Feri_Alfajiri, kesho kuna mtu wangu anapanda kutoka Dar. Una wenye vichwa?

Feri_Alfajiri

Wapo, nategemea mzigo wa alfajiri. Aje kabla ya saa moja na ndoo yenye kifuniko, nitampangia barafu chini, kamba, barafu juu, na atoboe tundu chini maji yatoke, kamba akiogelea kwenye maji ya barafu njia nzima anafika hana ladha. Kichwa kikiwa kimeanza weusi kidogo akifika huko usitupe, weusi unakuja haraka, wewe nusa. Kikiachia shingoni chenyewe ukimshika, huyo hapana. Njoo PM tupange kilo.